Nomino au kitenzi? Maneno mafupi ya Kiingereza yanayomtesa mfasiri

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka hapa Dodoma, na maneno yanayonikalisha mezani muda mrefu si yale marefu ya kisheria. Ni mafupi: plan, use, water, review, table. Kila mtu anayajua tangu kidato cha kwanza, na hapo ndipo hatari ilipo. Aliyelizoea neno likiwa nomino hulikuta limegeuka kitenzi, naye haoni kwamba limegeuka.

Chukua water. Mfugaji wa Chamwino anayekwenda "to water the cattle" anakwenda kunywesha ng'ombe. Jirani yake mwenye shamba la zabibu, akisema "I water the vines", anamwagilia. Moshi ukikuingia, macho yako "water", yaani yanatoa machozi. Maji ni yale yale, ila Kiswahili kina kitenzi chake kwa kila tendo. Wala usidhani kugeuza nomino kuwa kitenzi siku zote kuna maana ya kuongeza kitu: ukisema "milk" kwa ng'ombe, unamtoa maziwa. Dust ndilo gumu zaidi, maana linabeba pande zote mbili: kufuta vumbi kwenye samani, au kunyunyizia mimea dawa ya unga.

Kiingereza hakikuanza hivi. Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, upendo uliitwa lufu na kupenda ni lufian. Mwisho wa neno ulikuambia lipi ni lipi. Katika karne zilizofuata miisho hiyo ilififia, kisha ikapotea. Yote mawili yakabaki love. Tangu hapo kazi ya kutofautisha ikaangukia mpangilio wa maneno katika sentensi.

Sisi viambishi vyetu tunavyo bado, ndiyo maana hatuna mazoea ya kuchunguza nafasi ya neno. Hata maneno kama jibu, hukumu, hesabu na tafsiri, ambayo ni nomino na pia ni mashina ya vitenzi, hayatusumbui: "hukumu yake" na "alimhukumu" havichanganyiki hata kidogo. Kwa Kiingereza itabidi uangalie jirani. Baada ya the, a au my, tarajia nomino, hata kama kivumishi kimejipenyeza katikati. Baada ya can, will au they, tarajia kitenzi. Anayewapoteza wengi ni to, kwa sababu husimama mbele ya vyote viwili. "I go to work": naenda kazini, work ni nomino. "I want to work": nataka kufanya kazi, sasa ni kitenzi. Hapo to haikusaidii. Kitenzi kilichotangulia ndicho kinachokusaidia.

Kwenye mazungumzo sauti nayo husaidia. Record yenye mkazo mwanzoni ni kumbukumbu au rekodi; mkazo ukihamia mwisho, ni kurekodi. Ndivyo ilivyo kwa permit, export na contract. Masikio yetu hayaushiki mkazo huu kirahisi kwa kuwa Kiswahili huuweka karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Na si maneno yote yanayofuata utaratibu huo: report na respect hayabadiliki. Use hubadili konsonanti tu, nomino ikiishia na s na kitenzi na z. Kwa advice na advise badiliko hilo limeingia hadi kwenye tahajia. Kwa hiyo "adviced" ni kosa, ingawa nalikuta kwenye barua za kiofisi kila mara.

Mahali ninapochukua tahadhari zaidi ni vichwa na ratiba, kwa sababu huko Kiingereza huangusha vijineno vyake. Mstari wa ratiba ya semina ukisema tu "Review plans", unaweza kuwa "Kupitia mipango" au "Mipango ya mapitio". Usibahatishe. Soma mistari ya juu na ya chini, utafute neno lisiloweza kuwa kitu kingine. Ukikuta "Discuss findings", discuss ni kitenzi tu, basi na review ni kitenzi. Ukikuta "Staff list" na "Budget summary", ratiba hiyo inaorodhesha nyaraka.

Nimalizie na table, neno la mji huu hasa. Bungeni hati huwasilishwa mezani, na "to table a Bill" ni kuwasilisha muswada ili ujadiliwe. Hiyo ni maana ya Uingereza, na ndiyo tunayoitumia. Nchini Marekani "to table" ni kuiweka hoja kando isijadiliwe kwa sasa. Kwa hiyo ripoti ikiandika "the motion was tabled", kabla sijagusa sentensi hiyo naangalia kwanza imetoka nchi gani.