Kulipa notisi si kumaliza

Vijana wa kompyuta hapa Kigoma huniambia kampuni ikipunguza watu, ikilipa mshahara wa notisi, yaani wa kipindi cha taarifa ya kuachishwa kazi, imemaliza. Haijamaliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri kwanza atoe taarifa, aeleze sababu, kisha ashauriane na wafanyakazi: upunguzaji unaepukika? Nani ataondoka, kwa kigezo gani? Uadilifu wake hupimwa hapo, maana kuwaita watu barua za kuwaachisha kazi zikiwa zimeshasainiwa ni kuwachezea tu. Aliyetimiza mwaka kazini ana kiinua mgongo: angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, kikomo miaka 10. Kidogo, ndiyo. Na aliyeajiriwa Kigoma akapelekwa Dar es Salaam adai pia kusafirishwa kurudi, yeye na mizigo yake.