Ganzi ya Nyayo Baada ya Miaka Minne Bila Nyama

Mtu anapoamua kuacha nyama, samaki, maziwa na mayai, swali la kwanza analoulizwa na jamaa zake ni la protini. Mama mkwe humtazama kwa huruma na kumuuliza nguvu atazipata wapi. Nimeshauri watu kuhusu lishe kwa miaka mingi, na bado sijampokea mtu mzima aliyeugua kwa kukosa protini ilhali anakula ugali kwa maharage, wali kwa choroko, karanga na njugu mawe, na anashiba. Nafaka ni haba kwa lisini, mojawapo ya viambajengo vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, lakini jamii ya kunde inayo ya kutosha, na mabibi zetu waliviweka viwili hivyo kwenye sahani moja kabla ya yeyote kati yetu kusomea lishe. Habari ya protini naiachia hapo, kwa sababu kinachonipa wasiwasi kwa wanaokula mimea pekee ni kitu kingine, ambacho hakuna mama mkwe anayekiuliza.

Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja kwangu akiwa na mwaka wa nne tangu aache vyakula vyote vinavyotokana na wanyama. Mwaka wa kwanza shinikizo la damu lilikuwa limeshuka, uzito umepungua na magoti yamepata nafuu, naye alikuwa akiwahubiria majirani. Mwaka wa pili na wa tatu mambo yalikuwa mazuri vilevile. Kisha nyayo zikaanza kufa ganzi, akawa anahisi kama anatembea juu ya godoro la sufi. Asubuhi akifumba macho kuosha uso alikuwa akiyumba, ikabidi ashike ukingo wa sinki. Alikopita kabla ya kufika kwangu alipimwa sukari, ikaonekana iko sawa, akaambiwa ni umri na kupewa dawa za maumivu. Kipimo cha picha kamili ya damu kilionyesha hemoglobini pungufu kidogo na chembe nyekundu zenye ukubwa wa kawaida, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Alichokosa ni vitamini B12, ambayo kwa jina lingine huitwa kobalamini. Vitamini hii hutengenezwa na bakteria peke yao. Hakuna mti, jani, mbegu wala tunda linaloitengeneza. Ng'ombe huipata kutoka kwa bakteria wanaoishi katika matumbo yake, samaki huipata kupitia viumbe vidogo wanavyokula, nasi huipata tunapokula nyama, samaki, maziwa na mayai. Tiba ya upungufu wake ilianza na ini: mwaka 1926 madaktari wa Marekani George Minot na William Murphy walieleza jinsi walivyowaokoa wagonjwa wa aina fulani ya upungufu wa damu, ambayo wakati huo ilikuwa ikiua, kwa kuwalisha ini kwa wingi kila siku, na mwaka 1934 wakapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na George Whipple. Kilichokuwa ndani ya ini kilikuja kutengwa mwaka 1948, nacho ndicho hiki tunachokizungumzia.

Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Kiasi hicho ni kidogo mno, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu ini la mtu aliyekula nyama na samaki tangu utotoni limeshajiwekea hamadi kibindoni, kwa kawaida miligramu 2 hadi 5, yaani mahitaji ya zaidi ya miaka miwili, na mwili huirejesha sehemu ya akiba hiyo kupitia nyongo na kuitumia tena. Ndiyo maana mtu anaweza kula mimea pekee kwa miaka miwili, mitatu au zaidi akiwa na afya njema kabisa, na kila mwezi unaopita ukamthibitishia kwamba wataalamu wa lishe wanapenda kutisha watu. Anayeniambia kwamba yeye ana mwaka mzima na hajahisi lolote hunieleza habari za akiba ya ini lake, wala hanielezi habari za chakula chake cha leo.

Jambo la pili linalouficha upungufu huu ni ubora wenyewe wa chakula. Mboga za majani na maharage vina foleti nyingi, nayo ni vitamini nyingine ya kundi la B, na foleti ikiwa nyingi uboho huweza kuendelea kutengeneza chembe za damu hata B12 inapokwisha, huku utando unaokinga mishipa ya fahamu ukiharibika kimyakimya, hasa ule wa uti wa mgongo. Kwa hiyo dalili zinaweza kuanzia miguuni kabla ya kuonekana kwenye damu: ganzi, kuchomwachomwa kama kwa sindano, kuyumba gizani, kusahau, hasira au huzuni isiyo na sababu. Wengine ulimi huwa mwekundu na laini, ukauma wanapokula kitu chenye pilipili.

Kwa mwalimu wangu palikuwa na kificho cha tatu. Alikuwa na upungufu wa madini ya chuma pia, na huo hufanya chembe nyekundu ziwe ndogo, wakati upungufu wa B12 huzifanya ziwe kubwa kupita kiasi. Mashine ya maabara hutoa wastani, na wastani wa ndogo na kubwa ni kawaida. Pwani yetu, ambako watu wengi wamerithi aina nyepesi ya talasemia inayofanya chembe ziwe ndogo tangu kuzaliwa, kipimo hicho kikitumiwa peke yake hudanganya kwa namna hiyohiyo. Anayekula mimea pekee na ana ganzi aombe kupimwa B12 yenyewe, na panapowezekana asidi ya methilimaloniki au homosisteini, ambazo hupanda pale vitamini inapopungua ndani ya seli hata kama kiwango kilicho kwenye damu hakijashuka sana.

Wateja wengi huniuliza kama hakuna njia ya asili. Wapo walioambiwa wasioshe mboga ili wapate bakteria wa udongo, nami huwajibu kwamba watakachopata ni minyoo na homa ya matumbo. Wapo wanaonunua mlonge wa unga kwa bei isiyosemeka. Mlonge ni mboga nzuri, lakini hauna B12. Spirulina, mwani uleule unaoliwa na heroe (flamingo) wa maziwa ya magadi katika Bonde la Ufa, ina kitu kinachofanana na B12 kiasi cha kudanganya baadhi ya vipimo, ila mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Unga wa viwandani ni habari nyingine: kanuni za Kenya na Tanzania zinavitaka viwanda virutubishe unga wa mahindi na wa ngano, na B12 ni mojawapo ya virutubishi vinavyotakiwa. Lakini watu wanaogeukia mimea mara nyingi ndio haohao wanaoacha sembe ya pakiti na kurudi kwenye dona la mashine ya mtaani, ambalo ni zuri kwa nyuzinyuzi na halijarutubishwa. Siwalaumu. Nawaambia tu wasiutegemee unga.

Kinachobaki ni kidonge, nacho hakitokani na mnyama, kwa kuwa vitamini yake huvunwa kutoka kwa bakteria wanaokuzwa kwenye matangi ya viwandani. Mimi hushauri mikrogramu 50 hadi 100 kila siku, au 1,000 mara mbili kwa wiki. Namba hizi huwashangaza watu waliosikia kwamba hitaji ni 2.4, lakini utumbo una njia maalumu ya kuipokea vitamini hii, na njia hiyo hujaa baada ya kupitisha takriban mikrogramu 2 kwa mkupuo. Kinachozidi hupenya kwa kiasi cha asilimia 1 hivi. Kwa hiyo anayemeza 1,000 anaambulia kama 10. Soma kibandiko kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya vidonge vya bei nafuu vinavyouzwa kwa jina la vitamini B mchanganyiko vina B1, B2 na nyinginezo bila B12. Mwenye umri mkubwa, anayetumia metformini kwa kisukari, au anayetumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa muda mrefu, yuko hatarini zaidi, hata kama bado anakula samaki mara mojamoja. Na mwenye ganzi tayari asijitibu kwa kidonge cha dukani. Anahitaji daktari na sindano.

Nirudi kwenye madini ya chuma, maana hapa mazoea yetu yanatuponza. Chuma cha kwenye mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha kwenye nyama, kiasi kwamba kwa vipimo vya Marekani mwanamke aliye katika umri wa kuzaa hutakiwa kupata miligramu 18 kwa siku, na akiwa hali nyama makadirio hupanda hadi 32. Sisi nasi tunakula maharage na kuteremshia chai ya rangi papo hapo, na chai moja inaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma hicho kwa zaidi ya nusu. Mwalimu alikuwa akinywa vikombe vitano kwa siku, vyote pamoja na chakula. Chai isogezwe saa moja au zaidi baada ya kula, na mezani pawe na kitu chenye vitamini C: kachumbari iliyokamuliwa limau, pera, chungwa, juisi ya ubuyu isiyochemshwa. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake, kuchachusha uji, na kuotesha nafaka kama tunavyofanya kwa kimea cha togwa, hupunguza fitati zinazong'ang'ania chuma na zinki. Kuloweka kunasaidia pia gesi, lalamiko kuu la wiki za mwanzo, ambalo huisha lenyewe iwapo mtu ataongeza kunde kidogokidogo badala ya kurukia bakuli zima.

Mifupa nayo isisahauliwe. Utafiti wa EPIC-Oxford wa Uingereza, uliowafuatilia watu wapatao 55,000 kwa wastani wa karibu miaka 18 na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba wasiokula chochote cha mnyama walivunjika nyonga zaidi ya mara mbili ya walaji wa nyama. Sehemu ya sababu ilikuwa wembamba wao, na sehemu ilikuwa upungufu wa kalisi (kalsiamu) na protini katika chakula chao. Huku kwetu kalisi ya watu wengi hutoka kwenye maziwa na kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na vyote viwili vinapoondoka kwa siku moja mchicha hauwezi kuziba pengo, kwa kuwa oksalati zake huifunga kalisi isifyonzwe. Sukuma wiki ina oksalati chache na kalisi yake hufyonzwa vizuri zaidi. Ulezi, ambao Kenya huitwa wimbi, una takriban miligramu 340 za kalisi katika kila gramu 100, kiasi kisichofikiwa na nafaka nyingine, nami sijui ni kwa nini tumeuachia watoto wachanga na kina mama waliojifungua.

Kuhusu chumvi nitasema kwa ufupi. Asiyekula samaki wala maziwa hupata madini joto (iodini) karibu yote kwenye chumvi iliyotiwa madini hayo, kwa hiyo akihamia kwenye chumvi ya pinki ya bei ghali, au ya mawe isiyotiwa kitu, amejifungia mlango wa mwisho.

Kuna kundi moja ambalo sitaki libadili chakula bila kwanza kuonana na daktari wake: wanaotumia dawa. Mtu wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi anayebadili chakula ghafla na kupungua uzito anaweza kuanguka kwa sukari kushuka, kwa kuwa dozi imebaki ileile ya mwili wa zamani. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, akiongeza mboga za kijani kwa mkupuo huipunguzia dawa nguvu, kutokana na vitamini K. Mwenye figo dhaifu naye akijazwa maharage, ndizi na madafu huweza kupandisha potasiamu hadi ikauvuruga moyo. Watu hawa ndio hasa wanaoambiwa wabadili chakula, na mara nyingi wanaambiwa na mtu asiyejua dawa wanazomeza.

Mama mjamzito au anayenyonyesha ambaye hali chochote cha mnyama asikose B12 hata wiki moja. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo tu, na maziwa ya mama aliyepungukiwa yamepungukiwa pia. Mtoto wa namna hiyo huanza vizuri, kisha kati ya miezi minne na minane huacha kucheka, hulegea shingo aliyokuwa ameshaikaza, na hukataa kunyonya. Matibabu yakichelewa, ubongo wake huweza usirudi kamwe pale ulipopaswa kuwa, na jamaa hudhani ni jicho la watu.

Mwalimu alipimwa tena, B12 ikakutwa chini sana, akaanzishiwa sindano za hidroksokobalamini siku iliyofuata. Ulimi wake, ambao nao ulikuwa ukiuma, ulipona ndani ya wiki chache, na ganzi iliyokuwa imefika hadi vidole vya mikono iliondoka baada ya miezi mitatu. Hakurudi kwenye nyama, wala sikumwomba arudi. Chai ameihamishia saa kumi, na kidonge chake amekiweka kando ya mswaki. Ganzi ya nyayo imepungua lakini haijaisha, na usiku bado hutembea na tochi.