Kalibre 12 haivunji bega la msichana

Msichana wa Katuba au Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi, akisema anataka kujaribu trapu ya Olimpiki, mchezo wa kuvunja kwa bunduki sahani ndogo zinazorushwa hewani, jibu la nyumbani ni lile lile: «Kalibre 12 itamuvunja mutoto bega.» Kalibre 12 ni kipimo cha upana wa mtutu wa bunduki hiyo. Mama analisema, mjomba mwindaji anakazia, na mambo yanaishia hapo. Nimechoka kulisikia, kwa sababu si kweli, na hesabu yake si ngumu.

Mjomba anaongelea bunduki yake ya porini: mtutu mmoja, kilo 2.7 hivi, na kartushi yenye gramu 36 za marisawa, zile punje ndogo za risasi. Kwenye trapu ya kimataifa kartushi inabeba gramu 24 tu, na bunduki, mitutu miwili mmoja juu ya mwingine, ina uzito wa kilo 3.7 hivi. Ukipiga hesabu, msukumo wa nyuma wa bunduki ya mjomba unapita jouli 50, na huu wa trapu uko karibu na 20. Uzito wa chuma ndio unaomeza msukumo. Kwa hiyo anayemtafutia binti bunduki nyepesi kwa kumwonea huruma anamwongezea maumivu.

Bega huumia, sikatai, lakini mkosaji ni kitako, ile sehemu ya mbao inayokaa begani. Vitako vingi vimechongwa kwa mkono mrefu na kifua cha mwanamume. Kitako kikiwa kirefu, msichana anaegemea nyuma, mpira ulio mwishoni mwa kitako unatua kwenye msuli wa mkono badala ya kwenye kishimo cha bega, na hapo ndipo panapovilia damu. Jaribuni hivi, bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa na watu wawili: aipandishe akiwa amefumba macho, kisha afumbue. Kati ya pua na kidole gumba panatakiwa nafasi ya vidole viwili au vitatu. Jicho liwe juu ya mtutu katikati, likiona kidogo tu utepe wa chuma ulio juu ya mtutu. Akiona mgongo wa bunduki peke yake, mbao ya shavu, yaani sehemu ya kitako inayogusa shavu, iko chini mno. Akiona utepe wote mpaka mbele, iko juu mno. Ncha ya chini ya kitako ikimchimba kifuani, fundi aingize kabari nyembamba upande wa juu, kati ya mpira na mbao, ili ncha hiyo isogee mbele. Ni kazi ya nusu saa, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote.

Halafu namna ya kuipandisha. Bunduki iende shavuni kwanza, bega lije mbele kuipokea. Uzito wa mwili ukae mguu wa mbele, goti limelegea kidogo. Akiinua shavu ili achungulie sahani, mbao itampiga kofi, na watu watasema ni kalibre. Siku ya kwanza sahani 25 zinatosha. Mwalimu anayempigisha mtoto 100 siku hiyo anamfundisha kuogopa.

Na anayesema nguvu ni za wanaume aangalie michezo ya Tokyo ya mwaka 2021. Zuzana Rehák Štefečeková wa Slovakia alivunja sahani 125 kati ya 125 katika mchujo, duru inayotangulia fainali, akaondoka na dhahabu. Zamani wanawake walipewa 75 tu. Tangu 2018 wanapiga 125 kama wanaume, kwa umbali ule ule na kartushi ile ile.

Yako na mengine watu wanayosema. «Funga jicho moja ulenge.» Hapana. Sahani inatoka kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na unahitaji macho yote mawili kuona inakoelekea. Macho yabaki kwenye sahani, si kwenye ncha ya mtutu. Tafuta kwanza jicho linaloongoza: nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha funga jicho moja moja. Linaloendelea kukiona ndilo. Kama ni la kushoto na unapigia bega la kulia, bandika kipande kidogo cha utepe wa gundi wenye ukungu kwenye miwani, mbele ya jicho la kushoto, pale tu ncha ya mtutu inapoonekana. Au hamia bega la kushoto, ambalo kwa anayeanza ndilo ninalolipendelea.

«Ukikariri zamu utajua inakotoka.» Katika shimo lililo mbele ya wapigaji mna mashine 15 za kurusha sahani, tatu mbele ya kila kituo cha kupigia, na hujui ipi itarusha. Unachojua ni kwamba katika sahani 25 utapata 10 za kushoto, 10 za kulia na 5 za katikati.

«Sahani iliyotobolewa imehesabiwa.» Mwamuzi lazima aone kipande kikimeguka. Ukiiokota ina matundu matatu ya marisawa, bado ni sifuri.

«Ni mchezo wa nchi kubwa.» Gharama ipo: katika mchujo unaruhusiwa risasi mbili kwa kila sahani, kwa hiyo sahani 125 zinaweza kula kartushi 250. Lakini medali ya kwanza ya Olimpiki ya San Marino, katika mchezo wowote, ilikuwa shaba ya Alessandra Perilli kwenye trapu hiyo hiyo ya Tokyo. Paris 2024, Adriana Ruano aliipa Guatemala dhahabu yake ya kwanza, kwa sahani 45 kati ya 50 za fainali.