Uingereza Ina Misimu Yake: Dhana Potofu za Chakula Ninazozisikia kwa Wajapani wa London

Mimi ni mtaalamu wa lishe, na sehemu kubwa ya wateja wangu ni Wajapani wa magharibi mwa London, hasa Acton, ilipo shule ya Kijapani, na mitaa ya jirani. Ni watu wanaokithamini chakula na wanaojua mwezi gani kiliwe nini. Ndiyo maana inaniuma kila ninaposikia maneno yaleyale kutoka kwa mtu aliyehamia mwaka jana na kwa aliyeishi hapa miaka kumi.

Dhana: "Uingereza chakula hakina msimu."

Mara nyingi anayesema hivi alikwenda dukani Desemba akanunua stroberi, akazikuta chachu na ngumu. Tuanze na hizo stroberi. Japani hulimwa ndani ya vitalu vya plastiki ili ziwahi keki za Krismasi, na msimu wake mkubwa ni kuanzia Desemba hadi majira ya kuchipua. Uingereza, stroberi ya shambani ni ya Juni na Julai. Ndiyo maana huliwa kwa krimu wakati wa mashindano ya tenisi ya Wimbledon. Uliyokula Desemba ilisafirishwa kutoka mbali. Usiilaumu ardhi ya Kent, jimbo la kilimo kusini mwa Uingereza, kwa tunda ambalo haikulizaa.

Kosa liko kwenye kalenda. Tokyo iko nyuzi 35 kaskazini mwa ikweta, London iko nyuzi 51. Majira ya kuchipua ya huku huchelewa. Aprili, wakati Wajapani wanachimba machipukizi ya mwanzi, mashamba ya Uingereza yako katika ukata: mboga za baridi zinakwisha na mpya hazijakomaa. Mtu akitafuta neema wakati huo atatoka mikono mitupu, kisha atatangaza kwamba nchi nzima haina kitu.

Sasa fuata kalenda ya hapa uone. Kuanzia Januari kuna rubabu (rhubarb, mmea wenye mabua machachu) ya Yorkshire, inayokuzwa ndani ya mabanda yenye giza na kuvunwa kwa mwanga wa mishumaa ili mabua yabaki laini. Februari hadi Aprili kuna brokoli ya zambarau yenye vichwa vidogo. Ichemshe dakika mbili, uitie haradali na mchuzi wa soya, nayo itakaa vizuri mahali pa nanohana, yale machipukizi ya maua ya Kijapani unayoyalilia. Asparagasi huanza mwishoni mwa Aprili na hukoma karibu na Juni 21. Nawasihi wateja wangu waile katika wiki hizo, mwaka uliobaki waiache. Viazi vipya vya kisiwa cha Jersey huja kipindi hichohicho. Juni huleta njegere za kupikia wali, na yale maharage makubwa ya kijani ambayo Wajapani huyachoma na maganda yake. Ni maharage yaleyale! Yanauzwa sokoni Uingereza, na watu wanayapita wakienda kununua yaliyogandishwa.

Samaki ndio wanaonikasirisha zaidi. Watu hununua sanma waliogandishwa kwa bei ya kuumiza, samaki mwembamba wa Pasifiki ambaye hapatikani kabisa katika bahari za Uingereza, huku muuza samaki wa mtaani ana sadini wa Cornwall wenye mafuta tele tangu kiangazi. Wapake chumvi, uwachome kwenye moto mkali, ukwaruze figili nyeupe pembeni. Figili yenyewe kainunue Southall kwenye maduka ya Wahindi. Ni kubwa, na bei yake haikuumizi.

Dhana: "Jua ni jua, na samaki ninakula; vidonge vya vitamini D vya nini?"

Hapana. Desemba saa sita mchana, jua la London hupanda nyuzi 15 tu juu ya upeo. La Tokyo hufika kama nyuzi 31. Miale inayotengeneza vitamini D hupita kwenye tabaka nene la hewa na kuchujwa njiani. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la Uingereza halitoshi kwa kazi hiyo, hata siku ambayo mbingu haina wingu. Ushauri wa serikali tangu 2016 ni kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku katika miezi hiyo. Samaki wa mafuta wanasaidia, lakini ni wachache wanaokula wa kutosha kila siku. Na wewe unayesoma hapa ukiwa na ngozi nyeusi kama yangu, ukiishi Uingereza ushauri kwetu ni kufikiria kumeza mwaka mzima.

Dhana: "Mayai ya Uingereza hayaliwi mabichi."

Hofu ya 1988 ya salmonela, bakteria wa kuharisha waliokuwa kwenye mayai, bado inasimuliwa kama habari ya jana. Tangu hapo kuku wamechanjwa, na Oktoba 2017 mamlaka ya chakula ilitangaza kwamba mayai yenye chapa nyekundu ya simba yanaweza kuliwa mabichi hata na wajawazito, watoto wachanga na wazee. Ambaye kinga yake ya mwili ni dhaifu sana asijaribu. Wengine, vunjeni yai juu ya wali wa moto mle kwa amani.

Dhana: "Kombu ya huku ni mbovu, supu haina ladha."

Kombu, ule mwani mkavu wa kupikia supu, haina kosa; tatizo ni maji. Ya London ni magumu, yamejaa chokaa. Ya Tokyo ni laini. Tumia jagi la kuchujia, na loweka kombu usiku kucha.

Dhana: "Mboga za mwituni ni zilezile."

Hapa naomba nisikilizwe. Januari 7 Wajapani hupika uji wa majani saba, na mojawapo ni seri, inayoota kwenye maji. Kando ya mito na mitaro ya Uingereza huota ndugu yake, *Oenanthe crocata*, mwenye majani kama ya kotimiri na mizizi minene inayofanana na chakula. Ni miongoni mwa mimea yenye sumu kali kuliko yote nchini. Huleta degedege, na umeua watu. Hata uwe umechuma seri na bibi yako tangu utoto, usichume chochote kinachofanana nayo huku. Kanunue wotakresi, mboga ya majani ya kuotea majini, dukani, uitie kwenye uji pamoja na tanipu na figili. Na mtu akishakula jani asilolijua kutoka mtoni, pigeni 999, nambari ya dharura, papo hapo, msingoje dalili.