Maji si mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni

Nimeisikia tena, safari hii redioni, katika kipindi cha afya ambacho kwa mengine yote kilikuwa kizuri: maji, kama mnavyojua, ni mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ni sawa, na oksijeni pia ni sawa. Lenye kasoro ni neno "mchanganyiko", na kasoro yake si ndogo, kwa sababu linafuta tofauti ambayo somo zima la kemia limejengwa juu yake.

Fasili zenyewe ni fupi. Elementi ni maada yenye atomu za aina moja tu, yaani atomu ambazo viini vyake vina idadi ileile ya protoni: 1 kwa haidrojeni, 8 kwa oksijeni, 29 kwa shaba. Kampaundi, ambayo wengine huiita msombo, hupatikana pale atomu za elementi mbili au zaidi zinaposhikana kwa uwiano maalumu. (Ni bahati mbaya kwamba wengi wetu tulilijua neno kampaundi kama uwanja uliozungushiwa ua kabla ya kulikuta darasani.) Mchanganyiko ni maada mbili au zaidi zilizokaa pamoja bila kushikana namna hiyo.

Kinachotuponza, nadhani, ni kitenzi "kuchanganya", ambacho jikoni kinafanya kazi yake vizuri kabisa. Anayepika kande huchanganya mahindi na maharage, na ndani ya sufuria hindi hubaki hindi na haragwe hubaki haragwe. Mwenye subira anaweza kuyachambua yote hadi punje ya mwisho. Uwiano nao haujapangwa na yeyote, kwani maharage yakipanda bei mahindi huzidi, na chakula kinaendelea kuitwa kande. Ndivyo ilivyo hewa, ambayo ikiwa kavu huwa na takriban asilimia 78 ya naitrojeni na 21 ya oksijeni. Ndivyo yalivyo pia maji ya bahari, ambayo wavunaji wa chumvi wa Ngomeni na Bagamoyo huyaacha juani mpaka maji yaondoke na chumvi ibaki. Hata neno shaba linatuchezea hapa. Shaba ya Katanga, lililokuwa jimbo la Kongo ambalo kati ya 1971 na 1997 liliitwa kwa jina hilohilo la Shaba, ni elementi. Lakini ile ya manjano inayong'aa kwenye vifundo vya milango ya Unguja, ambayo nayo tunaiita shaba, ni mchanganyiko wa shaba na zinki.

Sasa tuyarudie maji. Mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni upo kweli, ila si maji. Ni gesi isiyo na rangi wala harufu, na ukiisogezea cheche hulipuka kwa kishindo. Baada ya mlipuko ndipo unapoona unyevunyevu kwenye kuta za chombo, na unyevunyevu huo ndio maji. Henry Cavendish aliliona jambo hilo Uingereza katika miaka ya 1780, na Antoine Lavoisier wa Ufaransa akalitumia kuonyesha kwamba maji, ambayo tangu enzi za Wagiriki yalihesabiwa kuwa elementi pamoja na udongo, hewa na moto, hayakuwa elementi hata kidogo. Wanakemia wa Kifaransa walipopanga upya majina mwaka 1787, moja ya gesi hizo mbili waliiita kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kizaa maji", na jina hilo ndilo tunalolitamka leo tukisema haidrojeni. Oksijeni iliitwa "kizaa asidi", jambo ambalo baadaye lilionekana kuwa kosa, kwa kuwa asidi haidrokloriki haina oksijeni ndani yake. Lakini "kizaa maji" ni jina lililolenga penyewe. Waliolitunga walichagua neno la kuzaa, na kinachozaliwa ni kitu kipya, chenye tabia zake: haidrojeni huwaka, oksijeni huchochea moto, na maji huuzima.

Upya huo unatokana na elektroni, yaani chembe ndogo zinazozunguka kiini cha atomu. Katika mchanganyiko wa gesi, haidrojeni iko na haidrojeni mwenzake, na oksijeni na oksijeni mwenzake. Katika maji, kila atomu ya oksijeni huchangia elektroni na atomu mbili za haidrojeni, wala si tatu wala moja, na ndiyo sababu katika kila gramu 9 za maji safi, yawe ya mvua ya Tukuyu au ya theluji ya Kilimanjaro, mna takriban gramu 1 ya haidrojeni na gramu 8 za oksijeni. Huwezi kuyachambua kwa chujio, wala kwa kuyachemsha, kwani mvuke wake ni maji yaleyale. Huna budi kuvunja ule mshikamano, kwa mfano kwa umeme, kama William Nicholson na Anthony Carlisle walivyofanya mwaka 1800. Kwa sababu hiyohiyo hakuna kitu kinachoitwa atomu ya maji, ingawa nalo hilo nimelisikia. Kipo kipande kidogo kabisa cha maji, nacho ni molekuli, yenye atomu tatu.

Kwa hiyo mtangazaji angesema tu kwamba maji ni kampaundi ya haidrojeni na oksijeni, au, kama aliogopa neno hilo, kwamba yameundwa kwa haidrojeni na oksijeni zilizoungana. Na kama moyo wake ulipenda sana neno "mchanganyiko", maji ya kisima ni mchanganyiko kweli: maji yenyewe, pamoja na chumvichumvi zilizoyeyuka kutoka kwenye miamba na hewa kidogo.