Kabla ya Barua ya Kuachishwa Kazi: Mafunzo kwa Viongozi wa Rasilimali Watu

Katika taasisi na kampuni nyingi nchini Tanzania, kiongozi wa rasilimali watu huitwa ofisini kwa mkurugenzi wakati uamuzi umekwisha kufikiwa. Jina la mfanyakazi limeshatajwa, wakuu wa idara wameshakubaliana, na kinachosubiriwa kwake ni barua tu. Changamoto za kada hii ni nyingi, lakini kwa maoni yangu hakuna iliyo nzito kuliko hii ya kutakiwa kuhalalisha uamuzi ambao mtu hakushirikishwa kuufikia, kisha kuwa wa kwanza kulaumiwa uamuzi huo unapobatilishwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, iko wazi katika jambo hili. Mwajiri anayemwachisha mtu kazi lazima awe na sababu ya kweli na ya haki, inayohusu mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, kuelewana kwake na wenzake kazini, au mahitaji ya uendeshaji; na pia lazima awe amefuata utaratibu wa haki. Masharti hayo huenda pamoja. Zaidi ya hayo, mzigo wa kuthibitisha kwamba mfanyakazi ameachishwa kazi kwa haki uko kwa mwajiri, kwa hiyo faili lisilo na karatasi humdhuru yeye kuliko linavyomdhuru anayelalamika. (Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, na wasomaji wa huko waisome hiyo.)

Waajiri wengi hupotea katika utaratibu, hasa pale kosa linapoonekana kuwa dhahiri. Tuchukulie mtunza ghala aliyekutwa na mali ya kampuni getini. Meneja huona hakuna haja ya kikao kwa kuwa kila mtu alishuhudia. Hata hivyo, Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinataka kwanza uchunguzi ufanyike, kisha mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha na namna anayoweza kuielewa, apewe muda wa kutosha wa kujiandaa usiopungua saa 48, na aruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kikao kiongozwe na mtu mwenye cheo cha kutosha ambaye hakuhusika na tukio lenyewe. Mfanyakazi asikilizwe, awahoji mashahidi, alete wa kwake, na kabla ya adhabu kutolewa apewe nafasi ya kueleza mambo yanayoweza kuipunguza, kama vile miaka aliyotumikia bila doa. Akisimamishwa kazi kupisha uchunguzi, mshahara wake uendelee kulipwa wote.

Ukiyasoma masharti haya kwa makini, utaona kwamba kila moja linazuia kosa ambalo binadamu hulifanya kwa wepesi akiwa na hasira. Meneja aliyeandika malalamiko ndiye anayeongoza kikao. Barua ya tuhuma imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria kwa dereva asiyekisoma. Kikao kinaitishwa saa nane mchana kwa barua iliyotolewa asubuhi ya siku hiyo hiyo. Mara nyingi aliyefanya hivyo hakuwa na nia mbaya; alikuwa na haraka, na hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kumwambia asubiri. Kazi ya kumwambia asubiri ni ya kiongozi wa rasilimali watu, na inahitaji ujasiri zaidi kuliko ujuzi wa sheria.

Jambo la pili ninaloliona likichanganywa ni utovu wa nidhamu na utendaji hafifu. Mfanyakazi asiyefikia malengo hajavunja nidhamu kwa sababu hiyo pekee, na kumwandikia barua za onyo mfululizo si kumsimamia. Katika suala la utendaji maswali hubadilika: je, kiwango kinachotakiwa kiliwekwa, kilikuwa cha busara, yeye alikifahamu, alishindwa kwa sababu gani, na alipewa mwongozo pamoja na muda wa kujirekebisha? Maswali hayo hayawezi kujibiwa siku ya kikao iwapo mwaka mzima hapakuwa na mazungumzo kati ya msimamizi na anayemsimamia.

Hapo ndipo utumishi wa umma unatoa funzo la manufaa hata kwa sekta binafsi. Mfumo wa OPRAS wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ulioanza kutumika mwaka 2004, ulikuwa na wazo zuri la mtumishi na msimamizi wake kukubaliana malengo na kuyapitia pamoja, lakini katika ofisi nyingi fomu zilijazwa mwisho wa mwaka, mara nyingine kwa siku moja, ili zipelekwe masijala. Serikali imeuacha na kuingia katika mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ambamo majukumu huingizwa na kufuatiliwa kwa kipindi kirefu. Naunga mkono mabadiliko hayo kwa dhati. Lakini kompyuta inaweza kuonyesha kwamba alama zimejazwa. Haiwezi kuonyesha kama msimamizi aliketi na mtumishi wake akamweleza kinachopungua. Kiongozi wa rasilimali watu asiyewafundisha wasimamizi namna ya kufanya mazungumzo hayo atakuwa amehamisha tatizo lile lile kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye skrini.

Muda wa majaribio nao unahitaji uangalizi huo huo. Mfanyakazi aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja hana kinga kamili ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, na baadhi ya waajiri wamelichukua hilo kama ruhusa ya kukaa kimya kisha kumwondoa mtu bila neno. Kanuni zinataka mwajiri amtathmini, akutane naye, amwongoze, na amsikilize kabla ya kumwondoa.

Kumbukumbu ni msingi wa yote haya, na zinaanza siku ya kuajiri. Aprili 2017, Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Wengi wao walikuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi, wamepandishwa madaraja na kukatwa michango ya pensheni. Suala la michango hiyo liliendelea kuzungumzwa miaka kadhaa baadaye. Mizizi ya maumivu yale, kwa familia zao na kwa hospitali na shule zilizobaki na upungufu, ilikuwa katika kazi ambayo ingefanyika kabla ya barua ya ajira kutiwa saini, yaani kuuliza Baraza la Mitihani na chuo husika kama cheti ni cha kweli.

Kumbukumbu hizo hizo sasa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha ya karatasi ya daktari ya mapumziko, ile ED, haipaswi kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la idara, na majibu ya vipimo hayapaswi kukaa kwenye faili ambalo kila karani analifungua. Tabia hii imeenea mno, na ni rahisi kuikomesha kwa waraka mmoja wa ndani pamoja na kabati lenye kufuli.

Kiongozi wa kada hii anayetaka kuanza mahali pamoja, aanze na wasimamizi wa ngazi ya chini: msimamizi wa zamu kiwandani, muuguzi mfawidhi, mwalimu mkuu. Hao ndio wanaotoa onyo la kwanza la mdomo na ndio wanaojua kama lilitolewa kweli. Wafundishwe kuandika tarehe, kilichosemwa na kilichokubaliwa, mfanyakazi asome na kutia saini, na nakala ifike ofisi ya rasilimali watu wiki hiyo hiyo. Kisha mkurugenzi akimwita kumwagiza aandike barua, awe na faili mkononi la kumwonyesha kama sababu ipo, au kama haipo.