Mashine tu? Hapana
Hapa Mtwara, kwa tuliozoea vinyago vya mpingo, wengi husema sanaa ya mitambo ni mashine tu, msanii hakufanya kitu. Si kweli. Chukua Pulse Room, kazi ya msanii Rafael Lozano-Hemmer ya mwaka 2006: chumba chenye balbu nyingi. Unashika vishikio, vihisio vinapima mapigo ya moyo wako, na balbu iliyo karibu inawaka na kuzimika kwa mdundo huohuo. Ukiachia, mdundo wako unahamia kwenye safu ya balbu nyingine na kuisukuma midundo ya waliotangulia, mpaka ule wa zamani kuliko yote ufutike. Balbu zenyewe ni za kawaida. Alichobuni msanii ni uhusiano: mtambo unakukumbuka, halafu unakusahau. Asipokuja mtu, kazi haijakamilika. Mbona hata lipiko, kinyago cha kuvaliwa kichwani katika ngoma ya Wamakonde, likitundikwa ukutani bila mchezaji wala ngoma, ni mti tu uliotobolewa macho?